Majora ya Kuazima

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikifikia umri wa kusahau jina langu mwenyewe, hiyo bado nitaikumbuka. Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya mlango wa fremu yangu ya duka hapahapa Kariakoo, taa nimezima, mdomo nimeuziba kwa upindo wa kanga nisije nikakohoa. Nje, wanawake wanne wa kikundi changu cha mkopo wanaupiga mlango wa bati kwa viganja. "Saumu! Saumu, tunajua umo! Toka ulipe!" Mimi, mtu mzima, mama wa watoto wawili, nimejikunyata kama kuku aliyeona mwewe.

Nitakwambia nilifikaje nyuma ya mlango ule. Lakini kwanza nikujibu ulichoniomba jana, Husna, maana nimelala nacho, nimeamka nacho, na hadi sasa kichwa kinanigonga. Umekuja dukani kwangu, "Shikamoo shangazi," "Marahaba mwanangu," ukakaa, ukanywa chai yangu na vitumbua vyangu, halafu ukaniambia, bila hata aibu, eti nikuazime majora yangu ya vitambaa uyapange kwenye meza yako ya madera, kwa sababu keshokutwa afisa mikopo anakuja kukagua biashara, na unataka aone mzigo mkubwa akupe mkopo mkubwa. Nilipokukodolea macho ukacheka. "Si kwa siku moja tu, shangazi? Kila mtu anafanya."

Jibu ni hapana. Na usininunie, maana ukininunia nitampigia simu baba yako, na kaka yangu unamjua. Kaa chini usikilize.

Kila mtu anafanya! Hilo neno ndilo lililonipandisha presha, kwa sababu ndilo neno lilelile tulilokuwa tunalisema sisi. Mnajiona nyinyi watoto wa simu ndio mmegundua ujanja. Ujanja gani? Huo ujanja sisi tuliucheza kabla mama yako hajaolewa, na tuliona ulikotufikisha.

Wakati ule nilikuwa na meza. Usifikirie duka hili unaloliona, nasema meza, mbao nne na turubai, kwenye baraza la duka la jumla la Ami Awadhi, mtaa wa pili kutoka Msimbazi. Ami alikuwa mzee wa Kiarabu aliyezaliwa hapa na kuzeeka hapa. Babu yake ndiye aliyefungua duka lile, na sote tulimwita Ami kama vile ni baba yetu mdogo. Mwenyewe alikuwa mkali wa maneno lakini hakuwa akitutoza hata senti kwa kukaa barazani kwake. Mimi nauza vitenge na kanga. Pembeni yangu kakaa Zena na cherehani yake ya kukanyaga. Mteja ananunua kitambaa kwangu, anageuka tu, anapimwa na Zena, kesho anarudi kuchukua gauni lake, na akirudi anaona kitenge kingine. Yaani tulikuwa tunapokezana wateja bila mkataba wala kikao. Baba wa wanangu alishaondoka na hakuacha hata anuani, kwa hiyo meza ile ndiyo iliyokuwa inatulisha mimi, watoto, na marehemu bibi yako, katika chumba kimoja cha kupanga pale Mchafukoge.

Haikuwa biashara kubwa, lakini ilikuwa inapumua. Jioni nikitoa pesa ya mzigo na ya chakula, kinabaki cha kuweka. Kidogo, lakini kinabaki. Sikujua kwamba hicho kidogo ndicho biashara yenyewe.

Zena ndiye aliyeleta habari za mkopo. Kulikuwa na kampuni ya mikopo inakopesha akina mama bila hati ya nyumba, mradi muwe kikundi cha watu watano, mdhaminiane. Mmoja asipolipa, wanne wanamlipia. Kila Alhamisi mnakutana, kila mtu na rejesho lake mkononi, na haondoki mtu pale mpaka pesa yote itimie. Tukajikusanya watano, tukamchagua Zena mwenyekiti, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na sauti ya kuheshimika na hakuwa mtu wa maneno mengi.

Sasa ikaja siku ya kukaguliwa. Unapewa mkopo kwa kadiri biashara yako inavyoonekana, na mimi nikaitazama meza yangu kwa macho ya mgeni, nikaiona imesinyaa. Vitenge vimekunjwa vizuri, ndiyo, lakini hata mtoto angevihesabu. Nikaingia ndani kwa Ami.

"Ami, naomba uniazime majora machache nipambe meza. Kesho nina wageni."

"Wageni gani wanaokuja kutazama meza?"

"Wageni tu, Ami."

Akanitazama juu ya miwani, halafu akamwambia mtu wake anitolee. Hakuandika popote. Majora mazuri, mazito, na juu kabisa jora la kijani lenye doa la chai kwenye pindo, ambalo Ami mwenyewe alilimwagia kikombe mwezi mmoja kabla na akawa anashindwa kuliuza. Nikayasimamisha mezani, nikayaegemeza ukutani, meza ikajaa ikapendeza mpaka wapita njia wakawa wanasimama. Afisa mikopo akaja, kijana mwembamba, kavaa tai katika joto lile, jasho linamtiririka masikini. Akashika kitambaa, akauliza, "Hii yote ni yako, mama?"

"Yangu, baba."

Nilijibu bila kupepesa. Zena alikuwa pembeni anakanyaga cherehani yake, akaacha kukanyaga kidogo, kisha akaendelea.

Jioni kabla sijayarudisha, mwenzetu mmoja wa kikundi, Mama Shufaa, muuza sahani na vikombe, akaja mbio. "Shoga, niazime na mimi hayo majora. Kesho ni zamu yangu. Nitasema nimeongeza na vitambaa." Nikampa. Ningemnyimaje, na hata mimi nimeyaazima? Yalirudi kwa Ami siku kadhaa baadaye. Nilimwona anayakung'uta vumbi jingi.

Pesa ikatoka. Mwanangu, sikuwahi kushika pesa kama ile. Niliitia kifuani, nikatembea toka ofisini kwao mpaka nyumbani kwa miguu kwa kuogopa kuibiwa, na njia nzima nilikuwa nazungumza peke yangu kama mwehu. Na unajua kitu cha kwanza nilichokiona asubuhi yake? Nilianza kuionea haya meza yangu. Ile ile iliyokuwa inanilisha! Nikasema, mtu mwenye mkopo kama huu anakaaje barazani na turubai? Nikatafuta fremu.

Unazijua fremu za Kariakoo. Sitaki kukueleza habari za kilemba, maana na nyinyi mnalia nacho mpaka leo: unampa anayekuachia chumba pesa ya kumpisha, hiyo hairudi, halafu mwenye nyumba naye anataka kodi ya miezi mingi kwa mkupuo. Nikalipa yote. Fremu yenyewe iko ndani kwenye korido, unapita duka la ndoo, unapita duka la viatu, unakata kona, ndipo unaniona. Zena aliponiona nafunga turubai alinisihi kwa upole.

"Shoga, wateja wanatujua hapa. Huko ndani nani atakufuata?"

Na mimi nikamjibu, Mungu anisamehe, "Zena, wewe unapenda sana kukaa chini."

Akainama akatunga uzi kwenye sindano. Hata leo nikikumbuka ile kauli yangu nataka nijipige kofi.

Basi nikawa na fremu yenye rafu kuta tatu, na bidhaa za kujaza nusu ya rafu moja. Ndizo zilizopatikana kwa pesa iliyobaki baada ya kilemba na kodi. Nikawa navitandaza vitenge, kimoja nakipanua kifunike nafasi ya vitatu, kama mama mwenye wageni wengi na wali mchache. Mteja akiingia anatazama kuta, ananitazama mimi, anasema, "Nitarudi." Harudi. Wale wa zamani walikuwa wanakuja barazani, wanakuta nafasi tupu, wanamuuliza Zena, Zena anawaelekeza, wengine wanapotea kwenye korido, wengine wanaona uvivu. Na ambao zamani walikuwa wananunua kwangu wanashona kwake, sasa wananunua kokote na wanashona hukohuko waliponunua. Kwa hiyo nilipoondoka sikujiondolea wateja peke yangu. Nilimpunguzia na Zena wake, na hilo wala sikulifikiria.

Na Alhamisi inakuja, mwanangu. Wiki ileile ya kwanza, kabla hata rangi ya kibao cha duka haijakauka, rejesho linadaiwa. Sasa hebu sikia hesabu ya kijinga. Mkopo nilipewa kwa kadiri ya majora ya Ami, na rejesho likapangwa kwa kadiri hiyohiyo. Lakini majora yamesharudi kwa mwenyewe! Anayetakiwa kulipa ni mimi na vitenge vyangu vya kutandaza. Yaani ile biashara kubwa iliyokaguliwa haipo, na ndogo iliyopo inalipishwa deni la kubwa. Nani anaweza hilo? Hata mwenye akili timamu hawezi, sembuse mimi niliyekuwa siku hizo najiona nimefika.

Nikaanza kuuza mtaji. Ikifika Jumatano jioni, kama pesa ya rejesho haijatimia, nauza kitenge kwa bei niliyonunulia. Wiki iliyofuata chini ya niliyonunulia. Na watu wa Dar unawajua, hawahitaji kuambiwa kitu mara mbili. Wakagundua. Mteja anakuja Jumatatu, anachagua, anakipapasa kitambaa, anakipenda kabisa, halafu anauliza, "Leo siku gani? Aa, basi wifi, nitapita Jumatano." Anakwambia usoni! Jumatano jioni korido limejaa wanawake, wanakamata vitenge vyangu kwa bei ya kutupa, wanaondoka wanacheka, na mimi nawafungia kwenye mfuko nikiwaambia karibuni tena. Ukiniona kwa mbali ungesema Saumu biashara imemnyookea.

Nikakopa kwingine kulipia kule. Kwa mtu binafsi, wa riba ya kila siku, nyinyi siku hizi mnaiita kausha damu na jina limekaa mahali pake. Na hii mikopo yenu ya kwenye simu, usinifungue mdomo. Juzi mimi nimepokea ujumbe wa matusi kutoka kwa watu nisiowajua, eti nimwambie fulani alipe deni lake, kisa namba yangu imo kwenye simu yake! Mtu anakopa chumbani kwake kimyakimya, anadaiwa na ukoo mzima. Loo! Sisi angalau waliokuja kutudai tulikuwa tunawajua majina.

Ndivyo nilivyofika nyuma ya mlango. Alhamisi mbili zilipita sijatokea kikaoni, wenzangu wamenilipia kwa kuchangishana, wengine wamekosa hata nauli ya kurudi kwao. Ya tatu wakanifuata. Nikajificha, nikaziba mdomo, na lile vumbi la vitambaa likanipalia. Nikakohoa.

"Huyo! Huyo yumo!"

Nikafungua. Wamesimama wanne, na afisa mikopo nyuma yao na tai yake. Zena ndiye aliyetangulia, na hakuwa na hasira usoni, alikuwa anatafuta macho yangu tu. Afisa akatazama rafu. Akahesabu kwa macho, akatikisa kichwa. Vilivyobaki havikufika hata robo ya deni.

Mama Shufaa akapiga kofi la mshangao. "Saumu, usituchezee! Uza yale majora yako makubwa uliyoonyesha siku ya kukaguliwa. Umeyaficha wapi?"

"Shoga, si unajua hayakuwa yangu? Si ulikuja kuyaazima kwangu?"

"Niliazima kwako nikijua ni yako!"

"Ni ya Ami Awadhi."

Halafu mwenzetu mwingine, yule muuza mchele, akasema taratibu kama anayejisemea, "Ya Ami Awadhi? Lakini mimi niliyapata kwa Mama Shufaa." Na yule wa nne akafunika uso kwa kanga, maana yeye aliyapata kwa yule wa mchele. Ndipo tukaelewa, wote kwa pamoja, pale kwenye korido. Kila mmoja alikubali kumdhamini mwenzake kwa sababu alidhani angalau mwenzake anayo mali. Kumbe mali ilikuwa moja, na haikuwa ya yeyote kati yetu. Ilipita meza baada ya meza ikasifiwa kila ilipofika.

Afisa mikopo akakaa juu ya ndoo yangu. "Lile la kijani," akasema, "lenye doa kwenye pindo?"

"Ndiyo hilo."

"Nililiona kila nilikokwenda. Nikajiambia labda ndivyo lilivyochapwa."

Mwanangu, ningekuwa na nguvu ningecheka. Alijua, bwana! Au alichagua kutojua, kwa sababu naye alikuwa na idadi ya mikopo ya kutoa kila mwezi, asipoitoa anafukuzwa kazi. Sisi tukamwonyesha alichotaka kuona, yeye akaona tulichotaka kumwonyesha, na kila mtu akarudi kwake ameridhika.

Basi Mama Shufaa akakumbuka mtoto wake ana homa. Wa mchele akakumbuka ameacha sufuria motoni. Wa nne sikumbuki hata alisema nini, nilimwona mgongo tu. Tukabaki mimi, Zena na afisa. Na kati yetu watano, mali ya kweli iliyokaguliwa siku ile ilikuwa moja tu, cherehani ya Zena. Yeye hakuazima kitu. Yeye alionyesha alichonacho, akapewa mkopo mdogo kuliko sisi wote, na alikuwa anaulipa bila kukosa wiki.

Afisa akamweleza, kwa heshima kwa kweli, kwamba yeye ndiye mwenyekiti, sahihi yake ndiyo ya kwanza, na kitu cha kushika ni hicho kimoja.

"Zena, hapana," nikasema.

Akanigeukia. "Hiyo hapana yako, Saumu, utailipia na nini?"

Afisa akaita vijana wa mkokoteni. Wakaipakia cherehani pale barazani, na vitenge vyangu vyote juu yake. Zena akaomba atoe sindano na bobini iliyokuwa na uzi wa gauni la mtu ambalo hajalimaliza. Akazifunga kwenye pindo la kanga akaondoka nazo.

Nilikwenda kwa Ami baada ya sala ya Alasiri. Nilitegemea anifariji, kwa ujinga wangu. Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho nikilia, na yeye akaendelea kukunja kitambaa mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, na sauti yake hakuipandisha hata kidogo:

"Siku ile ulikuja kuniomba vitambaa vya kuonyesha. Nikakupa, sikukuuliza. Sasa na mimi nikuulize. Mbona hukuja kuniomba vya kuuza?"

Nikafuta machozi kwa kanga.

"Miaka mingapi uko barazani kwangu? Umewahi kuniona namnyima mali kauli mtu ninayemjua? Ungechukua majora mawili, ukauza, ukaniletea changu, ukabaki na chako. Bila riba, bila Alhamisi, bila kumponza mwenzako. Lakini wewe hukutaka biashara ikue, Saumu. Ulitaka ionekane imekua."

Akaondoka kwenda ndani akaniacha pale. Nilikasirika, usidhani nilipokea kwa unyenyekevu! Nilitoka nikisema huyu mzee ana roho ngumu, mtu nalia ananisimanga. Nilitembea mpaka Msimbazi nikimsema moyoni. Lakini nilipofika nyumbani nikamkuta mama anapika uji mtupu kwa ajili ya watoto, nikaona kwamba hakuna neno hata moja alilosema mzee yule ambalo ningeweza kulikataa. Kwa kweli haikunijia kabisa akilini kuomba cha kuuza. Kuomba cha kuuza ni kukiri huna. Kuazima cha kuonyesha unajihisi unacho.

Kesho yake nikarudi na aibu yangu, nikaomba jora moja. Akanipa lile la kijani lenye doa, mzee yule! Nikalikata nikitupa pindo lililoharibika, nikaliuza lote. Nikamrudishia chake. Akanipa jingine. Nikarudi kwenye meza barazani, na pembeni yangu nafasi ya Zena iko wazi, na kila mteja anauliza fundi yuko wapi. Kila siku. Nilijifunza kujibu bila kulia.

Ilinichukua muda mrefu, lakini kabla sijanunua hata kitanda, nilimnunulia Zena cherehani. Nzuri kuliko ile. Nikaipeleka Feri, kwenye soko la samaki, ambako alikuwa amepata kazi ya kumkaangia samaki mama mmoja, anasimama kwenye karai toka asubuhi, mikono imejaa alama za mafuta. Akaiona cherehani, akafuta mikono, akaligusa gurudumu likazunguka. Akanishukuru. Akanikumbatia hata, na nikadhani sasa yameisha.

Kisha akasema, wala si kwa ubaya, "Cherehani umeninunulia, Saumu. Wateja wangu je, utawanunua wapi?"

Akarudi kwenye karai kwa sababu samaki walikuwa wanaungua. Wateja wake walishazoea mafundi wengine. Vidole vyake vilishakuwa vizito, na mtaa mzima wa mafundi ulishajaa vijana wenye mashine za umeme. Mpaka leo anakaanga samaki, na cherehani iko kwake, imefunikwa na kanga.

Kwa hiyo usiniambie ni kwa siku moja tu.

Na usiende kumwambia mama yako kwamba shangazi anachukia mikopo. Mimi nilikopa tena, baada ya miaka, na mkopo ukanifaa sana. Tofauti ni kwamba safari ile nilimwonyesha afisa meza yangu ilivyo, akanipa kidogo, nikanunua nacho mzigo wa Idi ambao wateja wake nilishakuwa nao, nikalipa, nikabaki na faida. Duka hili limetokana na vidogo kama hivyo. Kwa hiyo wewe kabla hujaweka sahihi, usijiulize unaweza kulipa rejesho wiki ya sikukuu, maana wiki ya sikukuu hata mwendawazimu anauza. Jiulize kama unaweza kulipa wiki ile mvua imenyesha, mto Msimbazi umefurika, na hakuna anayeshuka Kariakoo. Kama huwezi kwa faida, utalipa kwa mtaji, na ukishaanza kuuza mtaji wako ili ulipe, umeshafunga biashara, ila hujaambiwa tu. Usichukue mkopo ukahamie fremu. Jaza meza kwanza mpaka wateja wenyewe wakwambie nafasi haitoshi. Usiwe na haya ya udogo wako mbele ya mtu anayekukagua, kwa sababu akikupima kwa kimo ambacho si chako, kila wiki atakudai kwa kimo hicho. Na ukiweka sahihi ya kudhaminiana, jua kwamba unashika riziki ya mtu mwingine mikononi, na atakayeumia si yule mjanja. Mjanja atakumbuka sufuria lake liko motoni. Ataumia yule mkweli aliyekuonya.

Mzigo wa kuuza nitakupa, ukiutaka. Njoo na mfuko wako na heshima zako, na uniletee changu kila Ijumaa bila kutumiwa meseji.

Haya, nyanyuka uende, umeshanimalizia chai. Mwenyezi Mungu akufungulie milango ya halali. Akupe wateja wanaorudi siku yoyote ya wiki na wanaolipa bei kamili, na akupe usingizi usioogopa mlango kugongwa. Na akikujaalia rafiki wa pembeni mwa meza kama niliyejaaliwa mimi, basi akupe na akili ya kumsikiliza siku ile anapokwambia, shoga, usihame.